Logi ilisema pampu imezimwa (au: kwa nini nimeinyang'anya kompyuta koki)

Najua nimepotea tangu ile makala ya hifadhidata, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nami nimehamia Nairobi kama wenzangu wote. La hasha. Nipo papa hapa Otonglo, kando ya barabara ya Busia, naandika programu zangu huku ndege zikinguruma kule uwanjani. Kilichoniweka kimya ni maji. Na leo nimekuja kugombana, kwa hiyo kama unataka makala ya upole rudi wiki ijayo.

Kwa wageni: sebuleni kwangu nina tangi la kioo la lita 250 lenye samaki wa baharini. Ndiyo, wa baharini, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa, wakati ziwa zima la maji matamu liko pale chini. Ugonjwa huu niliupata nilipofanya mafunzo ya kazi Mombasa nikiwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, na haujapona. Nina samaki wawili wa mistari, wale wanaojificha ndani ya anemoni. Nilikuwa pia na kamba wadogo wanne, konokono kadhaa na matumbawe laini ya ukubwa wa kiganja. Nilikuwa.

Sasa, maji ya bahari huku hayapo, lazima uyatengeneze. Unasafisha maji ya kawaida mpaka yabaki maji matupu, unayatia chumvi maalumu, unayakoroga kwa pampu, unapima, ndipo unayaingiza tangini. Mahali pa kufanyia kazi hiyo ndipo ninapopaita kituo: mapipa mawili ya plastiki ya bluu ya lita 200 pale uani, pampu moja, koki kadhaa na mabomba. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa programu, nilifanya kile ambacho kila mtu wa programu angefanya. Niliweka kompyuta ndogo, sensa tatu na rele, nikaandika programu nzuri kabisa, yenye majaribio na kila kitu, ili maji yajiendeshe yenyewe mimi nikilala.

Unajua tayari kilichotokea. Lakini acha nikueleze, maana ubishi wangu wote umo ndani ya usiku ule.

Katika tangi la chumvi maji hupungua kila siku kwa mvuke, na joto letu la Kisumu unalijua. Kinachoruka ni maji peke yake. Chumvi hubaki, kwa hiyo ukiacha tu, tangi linazidi kuwa kali. Dawa yake ni kujaza maji matamu yaliyosafishwa, kama lita tatu kwa siku kwangu mimi. Pampu yangu ya kujaza ilikaa ndani ya pipa la maji safi lenye lita 160, ikisubiri amri. Saa nane na dakika 14 usiku sensa ikasema maji yametosha, programu ikatoa amri ya kuzima, na logi ikaandika vizuri sana: pampu imezimwa. Ila rele ilikuwa imeganda. Zile rele ndogo za bluu zinazouzwa kwa bei ya chapati zina vidole viwili vya chuma ndani, na kila mota inapoanza huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, cheche inaruka, na siku moja vidole vinachomelewa pamoja. Programu ilisema zima. Chuma kilikataa. Pampu ikaendelea mpaka pipa likakauka.

Tangi lilifurika. Maji yakapita chini ya mlango, yakavuka kibaraza, yakaingia kwa mama jirani na kulowanisha gunia lake la mahindi. Nilipopima chumvi alfajiri kipimo kilikuwa 19 kwa elfu badala ya 35. (Hesabu inakubali: ukimimina lita 160 za maji matamu ndani ya lita 250 zinazofurika kadiri unavyomimina, karibu nusu ya chumvi inakwenda sakafuni.) Samaki wakapona, maana samaki wengi wa baharini huvumilia chumvi kidogo kwa muda, hata wafugaji huipunguza makusudi kuwatibu vimelea. Kamba na konokono hawana uvumilivu huo. Matumbawe yaliyeyuka kama sabuni. Na mimi nikasimama na kandambili ndani ya maji nikisoma kwenye simu kwamba pampu imezimwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nimekisomea miaka minne na kukifaulu bila kukielewa. Logi huandika amri. Haiandiki tendo.

Nilipowasimulia wenzangu wa programu, hakuna aliyeniambia niitoe kompyuta. Hata mmoja! Wote walisema niongeze. Ongeza rele ya pili. Ongeza sensa ya kupima mtiririko. Ongeza programu ya kulinda programu. Tuma data kwenye seva, uchore grafu. Mmoja akanishauri niweke moduli ya simu ili niweze kufunga koki nikiwa Kondele. Ndugu yangu, kwa nini nifunge koki nikiwa Kondele? Koki inapaswa iwe imejifunga yenyewe kabla sijapanda matatu.

Nakiri, rele mbili mfululizo ni bora kuliko moja, na ningeziweka hizo angalau ningeokoa kamba wangu. Lakini tazama tunachofanya. Kila kitu tunachoongeza nacho kinaweza kufa, na ndani ya maji ya chumvi vitu hufa kwa haraka ya ajabu. Chumvi hutambaa juu ya waya kama sisimizi. Sensa hupata ukungu na ganda la chokaa. Konokono hupanda juu ya kiboya cha swichi akalala hapo, na programu yako yenye majaribio 200 haikuwa na jaribio la konokono. Halafu stima inapotea, inarudi, inapotea tena ndani ya dakika mbili, na kompyuta inaamka katikati ya kazi bila kujua iliachia wapi.

Tumeonywa zamani. Kila aliyesoma fani hii amesikia kuhusu Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa Kanada na kampuni ya AECL. Kati ya 1985 na 1987 ilitokea ajali 6 zinazojulikana, huko Marekani na Kanada, ambapo wagonjwa walipigwa mionzi kupita kiasi sana, na wengine walikufa. Kosa lilikuwa ndani ya programu. Lakini sehemu ambayo tunaisoma haraka haraka ili tufaulu mtihani ni hii: mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na makosa kama hayo hayo ndani ya programu yake, na hakuna aliyeumia, kwa sababu ilikuwa na vizuizi vya vifaa halisi. Programu ikikosea, fyuzi inaungua, mashine inasimama. Kwenye Therac-25 wakaona vizuizi vile ni mzigo, wakaiachia programu kazi yote. Nancy Leveson na Clark Turner waliyaeleza haya kwa kina mwaka 1993. Mimi silinganishi kamba wangu na wagonjwa wale, Mungu aniepushe. Nasema kwamba tabia ni ile ile: kuondoa chuma kisichofikiri na kuweka akili mahali pake, kisha kuita jambo hilo maendeleo.

Haya. Niliyemwita kurekebisha alikuwa fundi wa mabomba, mzee mmoja wa hapa hapa Otonglo. Alitazama sanduku langu la waya muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza, "Wuoda, stima ikipotea hii inakuwa imefunga au imefungua?" Nikaanza kumweleza kwamba inategemea hali ya mwisho iliyohifadhiwa kwenye... Akanikatiza kwa mkono. "Basi hujui."

Kweli sikujua.

Kituo kilivyo sasa ni hivi, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu wenye kutaka kujenga chao wasirudie ujinga wangu.

Tuanze na kusafisha maji. Chombo cha osmosi ya kinyume husukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Chumvi na uchafu hubaki upande mmoja, maji matupu hupita upande wa pili. Kabla ya utando lazima kuwe na chujio la matope na chujio la kaboni, maana klorini ya maji ya mjini huula utando. Watu wengi husahau shinikizo. Utando wa nyumbani unataka kama baa 4. Tangi langu la juu liko mita 6 kutoka chini, na kila mita 10 za kimo hukupa takriban baa 1, kwa hiyo nina baa 0.6. Ili kupata baa 4 kwa mvutano wa ardhi pekee ningehitaji mnara wa mita 40, yaani jengo la ghorofa kumi na zaidi, Otonglo, kwa ajili ya samaki wawili. Hapo pampu ya kuongeza nguvu haikwepeki. Sibishani na pampu. Nabishana na nani anaishika.

Anayeishika ni taimu ya springi, ya kuzungusha kwa mkono, kama ile ya jiko. Utando wangu hutoa kama lita 12 kwa saa. Nikiizungusha saa 6, nitapata lita 72, halafu springi inaisha na swichi inaruka, stima iwepo isiwepo, mimi niwepo nisiwepo. Ndani ya pipa kuna boya la plastiki linalofunga maji yakifika juu. Likikwama, kuna bomba nene la kufurikia linalopeleka maji nje kwenye migomba. Na koki ya kuingilia naifunga kwa mkono nikimaliza, kwa sababu boya hufunga mlango wa maji safi tu. Usipoifunga, maji yale yaliyokataliwa na utando huendelea kuchuruzika usiku kucha hata pipa likiwa limejaa tele.

Boya, kwa taarifa yenu vijana wa kisasa, si kitu cha jana. Ktesibios wa Aleksandria alilitumia kwenye saa yake ya maji karne ya 3 kabla ya Kristo kudhibiti mtiririko. Halijawahi kuomba kusasishwa.

Pipa la kwanza limeinuliwa juu ya matofali, la pili liko chini yake, na maji safi hushuka yenyewe nikifungua koki. Lita 200 ni kilo 200, kwa hiyo usijenge kwa mbao za kuokota. Pipa la pili ndilo la kukorogea. Pampu huvuta chini yake, na mbele ya pampu bomba linagawanyika: koki moja hurudisha maji juu ya pipa lile lile ili yajikoroge, nyingine hupeleka kwenye tangi. Chumvi inaingia kwenye maji, usiwahi kumwaga maji juu ya chumvi, maana kwa dakika chache za mwanzo inakuwa kali mno, na kalsiamu hugeuka unga mweupe ambao haurudi tena. Kwa lita 200 natia karibu kilo 7 na nusu, naacha ikoroge mpaka kesho yake, ndipo napima.

Na kabla hamjauliza: hapana, chumvi ya mezani haifai. Ile ya kule Gongoni na Marereni imetoka baharini kweli, lakini chumvi inapoganda kwenye mabwawa sehemu kubwa ya magnesiamu hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Unachopata ni sodiamu na klorini, pamoja na madini joto ya kuongezwa. Bahari ina pia salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu... matumbawe hujenga mifupa yake kwa vitu hivyo.

Mabomba sasa. Mafundi wetu wanapenda PPR, yale ya kuunganisha kwa moto, na wana haki, hayavuji. Lakini viungio vyake vyenye nyuzi za kukazia vina shaba nyeupe ndani, imepakwa rangi ya fedha usiitambue. Shaba ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana, na maji ya chumvi huila mchana na usiku. Nilitaka kujionyesha mjuzi mbele ya fundi kwa kumweleza haya, akacheka akasema sumaku haitakusaidia, kwaruza kwa kisu. Tukatumia nyuzi za plastiki tupu kila mahali. Yeye akaongeza kitu ambacho sikukifikiria: yunioni mbili, moja kila upande wa pampu. PPR ikishaungana hairudi nyuma, na pampu ni lazima itakufa siku moja. Bila yunioni, siku hiyo utakata mabomba kwa msumeno. (Sisi hukiita kitu hiki usanifu wa vipande vinavyobadilishika, tunakiandikia vitabu. Yeye hukiita yunioni.)

Kile kilichoniua kwanza, yaani kujaza kwa kila siku, sasa kinafanywa na dumu la lita 10 lililo juu kidogo ya tangi, lenye boya na mpira mwembamba ambao mdomo wake haugusi maji, ili tangi lisinyonye kurudi nyuma. Dumu nalijaza kwa mkono kila siku ya tatu. Boya likikwama wazi, lita 10 zote zitaingia na chumvi itashuka kutoka 35 hadi kama 33 na nusu. Hakuna kamba atakayekufa kwa hilo. Hii ndiyo hoja ambayo wenzangu hawataki kuisikia! Wanapigania kosa lisitokee. Mimi nimekubali litatokea, nikalichagulia ukubwa wa dumu.

Kompyuta sikuitupa. Bado inapima joto, inapima kimo, inanitumia ujumbe tukiwa na tatizo. Inaona kila kitu. Haishiki chochote.

Sasa niguse pale panaponiuma zaidi, na hapa wapinzani wangu ni wengine kabisa, wale wa burudani hii yenyewe. Utando wa nyumbani wa kawaida hukataa lita 3 au 4 kwa kila lita moja inayotoka safi. Mimi natumia takriban lita 190 kwa mwezi: 100 za kubadilisha na 90 za kufidia mvuke. Kwa uwiano wa 3 kwa 1 hiyo ni lita 570 za kumwagwa. Zaidi ya mitungi 28 ya lita 20. Vitabu vya wenzetu wa Marekani na Ulaya hukuambia upeleke bomba hilo kwenye mtaro, basi, sentensi moja.

Hapa kwetu mtaro unapita mbele ya nyumba ya mtu anayenunua maji kwa mtungi mifereji ikikauka. Usiku ule nilimwaga mitungi minane mlangoni kwa mama jirani, na ili kuipata mitungi ile minane nilikuwa nimeshamwaga mingine 24 mtaroni. Siku hiyo yeye alikuwa amenunua miwili. Nilimlipa gunia lake, akapokea, hakunitukana, akasema tu, "Mwanangu, hayo maji ungeniambia." Ningependa anitukane.

Maji yale yaliyokataliwa si machafu. Ni maji yale yale ya bomba, madini yake yamekolea kidogo, na klorini imekwisha ondolewa na kaboni, kwa hiyo siyaiti ya kunywa mpaka yachemshwe. Lakini kufua, kuosha vyombo, kupiga deki, choo, migomba... Sasa bomba la maji hayo linaingia kwenye tangi la lita 500 uani, lenye koki upande wa kibaraza, isiyo na kufuli. Liligharimu zaidi ya mapipa yote mawili. Na naomba nisisifiwe kwa hilo, maana nilikuwa na mwaka mzima wa kufikiria na sikufikiria mpaka nilipolowanisha mahindi ya watu. Ninachosema kwa wafugaji wenzangu ni kwamba mchoro wa kituo chako usioonyesha hayo maji yanakwenda wapi haujakamilika. Umechora nusu ya mashine.

Msomaji mmoja ataniuliza, kama kawaida yake, kwa nini nisifuge fulu. Swali zuri kuliko yote na sina jibu la kujivunia. Ziwa letu lilikuwa na mamia ya aina za fulu, na baada ya mbuta kuletwa miaka ya 1950 na 1960 nyingi zilitoweka, hasa miaka ya 1980. Ziwa Kanyaboli kule Siaya bado limehifadhi baadhi, pamoja na ngege asilia. Fulu haitaji kilo 7 za chumvi wala utando, unahitaji kuondoa klorini tu. Wafugaji wa Ulaya wanawafuga fulu wetu kwenye vyumba vya chini ya ardhi kwenye theluji, nami niko hapa nasafirisha chumvi kumfuga samaki wa Pwani. Nimekwisha nunua tangi la pili. Tutaona.

Lakini hawa wawili wa mistari wapo, walitolewa kwenye mwamba wao na mtu aliyezamia, na hawakuomba kuja Otonglo. Nikiwa nimewaleta, nawadai... hapana, wananidai maji yasiyobadilika usiku nikiwa nimelala. Siwezi kulilipa deni hilo kwa rele ya bluu.

Fundi anarudi Jumamosi kubadilisha koki moja inayolia. Picha nitaziweka akishamaliza, pamoja na vipimo vya mabomba kwa wale walioomba. Na wewe uliyeniandikia kwamba ukiweka kompyuta ya bei kubwa zaidi haitaganda: nijibu kwanza swali la mzee. Stima ikipotea, yako inakuwa imefunga au imefungua?